Marufuku Kucheka kwa Heshima

Je, ungethubutu kumfanyia baba yako mzazi mzaha mbele ya watu, naye amekaa hapo hapo anakutazama?

Mvuke alithubutu. Jina hilo alipewa na wenzake kwenye duka la dobi, kwa kuwa alishinda na pasi za mvuke tangu asubuhi. Jioni ile, kazi ilipokwisha, walisogeza vikapu vya nguo vikawa viti, naye akasimama kati ya mashati yaliyotundikwa. Joto lilikuwa bado chumbani. Ukungu mwepesi ulielea darini, na mashati meupe yakayumba taratibu, kama watu wanaosinzia wima.

Wasikilizaji walikuwa wachache, wafuaji wenzake na majirani wa duka. Hapo ndipo alipojaribia vichekesho vyake vipya, kwa sharti moja: ni marufuku kucheka kwa heshima. Kicheko cha kumbeba mtu, yaani cha kumpendelea tu, Mvuke alipenda kusema, ni uongo uliotoa meno nje.

Shangazi yake, mwenye duka, alilitangaza sharti hilo mlangoni kwa kila aliyeingia. Siku hiyo alikuwa amemleta kaka yake, yaani baba yake Mvuke, mwalimu mstaafu wa udereva. Kichekesho kipya kilimhusu mzee huyo huyo. Akikiacha, ni mwoga. Akikisema, huenda akamvunjia baba heshima isiungike tena.

Akakisema. Alieleza jinsi mzee, hata akiwa kwenye kochi, hukanyaga breki isiyokuwepo. Mama akimimina chai kwa kasi, anakanyaga. Mchumba wa dada alipokuja kujitambulisha, alipofungua mdomo tu, mzee akakanyaga. "Ndiyo maana dada yuko nyumbani mpaka leo," Mvuke alimalizia. "Gari lilizimika."

Vikapu vililia kwa vicheko. Mzee hakutikisika. Aliuma midomo, shingo imemvimba, macho yamemtoka.

Baba na mwana walirudi nyumbani kwa miguu. Mvuke alitembea kama aliye ndani ya pamba. Taa za barabarani zilimfikia kwa mbali, na hatua zake zilikuwa kama za mtu mwingine. Walipofika, mzee alisema tu, "Nimechoka, mwanangu," akaingia kulala.

Asubuhi Mvuke aliamshwa na sauti uani. Akachungulia dirishani. Mzee alikuwa amemsimamisha jirani yao, fundi saa, aliyekuwa bado na mswaki mdomoni, akimsimulia kichekesho cha jana, kile cha mchumba. Alipofika kwenye gari hakuweza kumaliza. Aliegemea ukuta, akacheka mpaka machozi yakamtiririka.

"Sasa jana ulivumiliaje?" fundi saa akamuuliza.

"Marufuku kucheka kwa heshima, bwana. Na mimi ni baba yake. Nani angeamini kwamba simbebi? Sheria ni sheria. Nusura nipasuke."

Mke wa fundi saa akatoka kuuliza kulikoni, na mzee akaanza upya, tangu kwenye chai.