Gitaa la Mninga Lililolia Rujewa

Amefariki seremala wetu wa Iringa, mtengeneza mabenchi ya kanisa ambaye aliwahi kuunda gitaa la umeme mahali pasipo na umeme. Usicheke, ndugu msomaji. Mimi mwenyewe nililia juzi, na si mtu wa kulialia.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Huko ng'ambo mafundi walikuwa wanaachana na gitaa la sanduku lenye tundu; wanachukua ubao mzima, wanatia sumaku chini ya nyuzi, kazi ya kuimba wanaiachia umeme. Leo magitaa yale yanatunzwa kwenye makabati ya vioo kama vikombe vya ubingwa. Mwenzetu aliliona moja kwenye picha ya gazeti alilofungiwa chumvi dukani. Sumaku haikuonekana pichani. Akachonga lake kwa mninga, likatoka zuri ajabu, na bubu kama meza. Tulisogeza masikio, hola!

Balaa ni kwamba alikwisha kujigamba kwa mfugaji mmoja wa Rujewa, baba wa binti aliyempenda mpaka akawa anakosea vipimo vya mabenchi. Mzee akatamka: "Kijana, siku ya posa nilisikie hilo gitaa. Lisipolia, binti yangu haendi popote."

Siku ikafika, tukaenda kwa lori. Fundi akamwangukia dereva, akapewa ruhusa. Akafunga waya mmoja kwenye nyuzi, mwingine kwenye vyuma vya shingo ya gitaa, akaziunganisha nyaya hizo na betri na honi ya lori. Alipobonyeza uzi ukagusa chuma, POOO! Lahaula! Wasafiri waliokuwa wakingoja lifti ya Mbeya wakadhani lori linaondoka, wakalikimbilia na magunia yao ya mpunga. Mshenga wetu naye yumo! Fundi, kwa furaha, akabonyeza tena. Ng'ombe wakavunja zizi.

Vumbi lilipotulia, mzee alikuwa bado amesimama palepale. Wanawe wakapiga kelele kwamba wamedanganywa.

"Nilisema lilie," mzee akawajibu. "Nani alisema liimbe?"

Akatoa binti.

Juzi, tukiwa makaburini, lori lilipita barabarani likapiga honi ndefu. Mchungaji akakunja uso. Yule binti, leo bibi mjane, akainua mkono: "Nyamazeni kidogo. Mume wangu anapiga."

Tukasikiliza wote, hata mchungaji. Enyi mafundi mnaohangaika kusikiwa na dunia nzima, msikilizaji mmoja kama bibi huyo anatosha.