Jicho la Samaki Sebuleni kwa Mama

Mama alipoteleza kwenye matope karibu na zizi na kulala palepale hadi wachungaji walipomkuta, niliapa kwamba hataanguka tena bila mimi kujua. Anaishi kijijini Nainokanoka, peke yake tangu baba afariki. Mimi naishi Karatu na mume wangu, Mwiraqw mpole kupita kiasi, fundi wa umeme wa jua. Kuhamia kwetu mama hataki. "Ng'ombe zangu nimwachie nani?" Basi mume wangu akaenda kumfungia kamera sebuleni.

Ilikuwa ile wanayoiita jicho la samaki, duara dogo katikati ya dari linaloonyesha chumba kizima kwa mpigo: mlango, kochi, jiko la gesi, kona zote. Mama aliitazama kwa dharau.

"Samaki sijawahi kula, leo ndiye anilinde?"

Tulicheka sana. Kesho yake mume wangu akamwamkia kupitia simu yake, "Shikamoo, mama," na sauti ikatokea darini. Mama aliinamisha uso, akaitikia marahaba kwa sauti ya chini.

Tangu hapo, nikiitazama kamera kwenye simu yangu, nikaanza kuona kituko. Chakula kikiiva, mama anachukua sahani na fimbo yake, anatoka nje, kisha anarudi na sahani tupu. Nikaamini anawapa mbwa, au kuna jirani mlafi anayemnyonya. Nikimpigia simu, anasema ameshiba. Mimi hasira zangu ziko karibu. Jumamosi nikafunga safari kwenda kumkaripia huyo jirani.

Nilimkuta mama kwenye kibanda cha ndama, ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, ukungu umemlowesha shuka, anakula ugali uliokwisha kupoa. Ili afike pale alikuwa amepita kwenye matope yaleyale yaliyomwangusha.

"Yeyo, mama yangu, unafanya nini huku?"

Alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyerukwa na akili. "Nile mbele ya mkwe?"

Kwetu Wamaasai, mama na mume wa bintiye hawaonani wakila. Ni enkanyit, heshima, na mimi niliyelelewa nayo sikuwahi kufikiri kwamba dari nayo inaweza kuwa mkwe. Kamera ya kawaida ya ukutani angekaa chini yake, isipomwona, akala kwa amani. Hii haikumwachia hata pembe moja. Na kula chumbani, kitandani, alisema, ni kwa wagonjwa.

"Kwa nini hukusema?"

"Aliiweka kwa upendo. Nimwambie aniondolee macho?"

Niliumia. Tuliifunga asianguke, nayo ndiyo iliyokuwa ikimpeleka kwenye utelezi kila siku. Nikampigia mume wangu palepale, nikamweleza.

"Mwambie nimeshaifuta kwenye simu yangu," akasema. "Mwambie wewe. Mimi sitamsemesha tena kutoka juu."

Jumatatu mchana, nikiwa nyumbani Karatu, tulikuwa mezani nilipofungua kamera kwenye simu yangu. Mama alikuwa kwenye kochi, sahani imetengwa mbele yake, hajaigusa. Nilipomsalimu, akainua uso kwenye kamera.

"Uko peke yako?"

Mume wangu alikuwa ameketi kando yangu. Kabla sijafungua mdomo, akanyanyua sahani yake, akatoka uani, akaufunga mlango polepole.

"Niko peke yangu, Yeyo," nikasema.

Mama akanawa, akaanza kula.