Mtu wa Dodoma Kwenye Maziwa ya Kaskazini

Nakumbuka Jumapili moja kule Saint Paul, nje ya kanisa, nilipotangaza kwamba nimejiandikisha kwenye mashindano ya kuvua samaki. Walicheka hadi wakashikana mabega.

"Mtu wa Dodoma atavua nini zaidi ya viatu?" alisema Mzee Lameck, mwenyekiti wetu sisi Watanzania wa pale mjini.

Mwanangu, mimi sikwenda Marekani kuchekwa. Nilifika na begi moja, nikapakia maboksi kwenye ghala la Shakopee, mji wa jirani, nikasoma hadi nikapata diploma ya ufundi wa mitambo. Ile pale ukutani, isome ukipenda. Hakuna aliyenishika mkono. Kuvua nako nilijifunza mwenyewe, nikisimama kando ya maji kila siku ya mapumziko. Asiyejua kufa atazame kaburi. Mimi nilitazama maji.

Mashindano yalikuwa ya wawili wawili, kwenye maziwa yaliyo kaskazini kidogo ya mji wa Fridley, ziwa limeungana na ziwa kwa mifereji myembamba. Sheria yao iliwashangaza watu wetu: samaki apimwe akiwa hai, kisha arudishwe majini. Aliyekufa hahesabiwi. Mwenzangu alikuwa Otieno, nesi Mkenya, mzaliwa wa Kisumu, na Kisumu hiyo hakuacha kunikumbusha.

"Wewe endesha boti tu, buda. Samaki niachie mimi, mtoto wa ziwa."

"Mtoto wa ziwa, mbona ndoana yako imenasa kofia yako?"

Tulizunguka asubuhi nzima bila kitu. Kwenye ziwa la mwisho mshipi wangu ukakazika. Nilipambana na samaki mrefu kama mguu wangu, mdomo wa bata, meno ya msumeno. Nikamwingiza kwenye boti, nikageuka kufungua tangi la maji la kumweka hai. Nyuma yangu nikasikia kishindo. Otieno, kwa mazoea ya baba yake na babu yake, alikuwa amemtwanga kichwani kwa kasia.

Tulitazamana.

"Aki nimesahau," akasema. "Kwetu akiingia tu, unampiga."

Nikamsukuma samaki chini ya kiti. Ningefungua mdomo, urafiki ungeishia pale.

"Tumeisha, buda. Turudi tu. Watacheka, halafu watachoka."

"Watacheka," nikamwambia, "lakini si leo."

Muda ulikuwa umebaki kidogo. Boti zote zilikuwa zinarudi, nasi tukarudi, ila kwenye mdomo wa mfereji wa kwanza nikazima injini. Nilikuwa nimeona kiangazi chote kwamba maji yanapotoka ziwa moja kuingia jingine huleta vidagaa, na penye vidagaa mkubwa hakosi. Waliopita walitupungia mkono wa pole. Nikarusha. Nikarusha tena. Otieno alikuwa amelikalia kasia lake, kwa hiari yake mwenyewe. Nilipokaribia kukata tamaa, chambo kikanyakuliwa.

Huyu wa pili alikuwa mfupi kuliko marehemu, lakini alifika akipiga mkia ndani ya tangi. Mizani ikatupa nafasi ya tatu, mbele ya wenyeji waliozaliwa wakiyaona maji hayo.

Mzee Lameck alikuwa ufukoni na wenzake, ugali tayari, kicheko tayari. Alipoona samaki akirudishwa majini akashika kiuno.

"Bahati tu hiyo, kijana."

"Shikamoo, mzee." Nikamkabidhi yule mrefu aliyekufa kwa mikono miwili. "Bahati ni huyu, ilifia ndani ya boti. Yule aliyepimwa nilimtafuta."

Mzee akamgeuza samaki huku na huku, kisha akamwita mkewe alete kisu.

Basi, mwanangu, nikuambie waziwazi. Mwenzako akiharibu, usimtupe majini, wala usikunje mshipi kabla muda haujaisha. Fuata sheria ya mahali ulipo hata kama watu wenu wanaiona kichekesho, maana ushindi wa kuiba hauna mtu wa kuusimulia. Na mkubwa mheshimu kwa salamu na kwa mikono miwili, lakini usimwachie akupangie usichoweza. Kuzaliwa mbali na maji si dhambi.

Mungu akupe mkono usiochoka na moyo usioinama. Wanaokucheka awape maisha marefu na macho mazima, wakuone ukifika.