Shehe Aliniuliza Kama Nimeridhia, Nikamjibu kwa Mistari

Shehe aliniuliza kama nimeridhia kuolewa. Nikanyamaza.

Akauliza tena. Kimya.

Alipouliza mara ya tatu nikafungua mdomo, na kilichotoka hakikuwa "ndiyo" wala "hapana".

Nilichana. Rap kabisa. Nimekaa nyuma ya pazia, hina mikononi, ndani ya nyumba yetu mtaa wa Magarama, mjini Gitega, na wageni wa kutoka Muyinga wamejaa sebuleni.

Najua wengi Gitega mmeisikia hii stori. Wengi mmeisikia vibaya. Leo nasema mwenyewe.

Naitwa Hidaya. Baba yangu, mzee Abubakari, ni fundi cherehani. Mimi nilizaliwa Kigoma, Tanzania, walikokimbilia wazazi wangu wakati wa vita. Tuliporudi Burundi, watoto wa mtaa wakakicheka Kiswahili changu: "Huyu anaongea kama redio!"

Poa. Redio ndiyo iliyonifundisha rap. Nikaamua kuwa redio kweli.

Kundi letu lilikuwa la watu watatu. Mimi, Bagalwa na Donatienne.

Bagalwa ni Mkongomani wa Bukavu, anauza viatu vya mtumba pale Magarama. Jumapili anaimba kwaya. Siku nyingine anapiga biti kwa mdomo mpaka unatafuta spika imefichwa wapi.

Donatienne ni binti wa mwalimu, wa kule Mushasha. Kanisa, shule, kanisa, shule. Kifaransa kinamtoka puani.

Baba alituuliza siku moja, uzi mdomoni: "Mtoto wa Kiislamu, mtoto wa shule ya masista, na Mukongomani. Mnatafuta nini pamoja?"

Bagalwa akajibu: "Mzee, kwenye kwaya siye bote tunaimba sauti moja. Ku rap, kila mutu iko na yake. Na hakuna anayeniuliza karatasi."

Donatienne akaongeza: "Mi nyumbani naongea nikiulizwa tu, papa. Franchement, nimechoka kungoja swali."

Baba akarudi kwenye cherehani yake. Hakukataza. Hakubariki pia.

Basi, mwaka 2012 akaja Mustafa. Kijana wa Muyinga, anauza vitambaa. Alinisikia kwenye tamasha la vijana hapa Gitega, akanifuata mpaka nje. "Sauti yako inanikosesha usingizi," akasema.

Nikampenda. Kwa nini nidanganye?

Tatizo lilikuwa mjomba wake, Uthmani, aliyemlea. Mfanyabiashara mkubwa, akikohoa ukoo mzima unakaa sawa. Akatuma ujumbe: bibi harusi aache muziki.

Mustafa akaniambia, "Mkubalie tu kwa mdomo. Tukishaoana, tutajua la kufanya."

Hapo ningepaswa kushtuka. Sikushtuka, nikakubali. Mapenzi.

Siku ya ndoa ikafika. Pilau linanukia mpaka barabarani. Mimi ndani na wanawake, nimejifunika, moyo unapiga kama biti ya Bagalwa.

Mara nikasikia kelele mlangoni.

"Hawa ni nani?" Sauti ya Uthmani.

"Siye ni marafiki ya bibi harusi," Donatienne akajibu.

"Wahuni wa muziki! Mukongomani, na mutoto wa kanisa. Hamuingie!"

Sikilizeni vizuri. Nyumba ni ya baba yangu. Pilau ni la baba yangu. Mgeni ndiye anafukuza wageni.

Nikachungulia dirishani. Bagalwa amevaa suti ya kuazima, mikono ya koti imemfika vidoleni. Donatienne ameshika zawadi kifuani, macho yamemlowa. Jua la Gitega linawaka juu yao.

Nikamtafuta Mustafa kwa macho. Nilimwona. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Nikamtafuta baba. Naye kainamisha kichwa. Aliogopa kuvunja ndoa ya binti yake.

Ndipo shehe akaja kwenye pazia na swali lake.

Nikavuta pumzi:

*Nimeridhia mume, sijaridhia kufuli,*
*Nimeridhia nyumba, si jela yenye kivuli.*
*Wenzangu wako mlangoni, jua lawachoma kichwani,*
*Wasipoingia wao, mimi siingii ndoani.*
*Ukitaka mke bubu, rudi ukaoe ukuta,*
*Ulimi kanipa Mola, nani wewe wa kuufuta?*

Kikombe cha mtu kikaanguka. Shangazi yangu akasema kwa Kirundi, "Mawe!" yaani mama wee, akajishika kichwa.

Shehe, Mungu ampe umri, hakukasirika. Akawageukia wanaume: "Bibi harusi ametia sharti. Ni haki yake. Mnasemaje?"

Mustafa akafungua mdomo. Uthmani akamshika bega.

"Hakuna ndoa hapa. Twende."

Na Mustafa akaenda. Alienda kweli! Suti yake nyeupe ikapotea kwenye kona na kundi zima la Muyinga nyuma yake.

Nikavua viatu, nikatoka nje na gauni langu, nikawashika mkono Bagalwa na Donatienne, nikawaingiza ndani.

"Haya, pilau lipo. Kuleni!"

Mbele yao nilicheka. Usiku huo nilichofanya na mto wangu ni siri yangu.

Baadaye ikaja bei yake. Sokoni wanawake walinong'ona nikipita. Wateja wa baba wakapungua, wengine walikuja kuchukua vitambaa vyao kabla havijashonwa. Baba hakunigombeza. Aliacha tu kuongea na mimi, na hiyo ikauma kuliko kugombezwa.

Mustafa akapiga simu. "Vumilia, mjomba atapoa."

"Akipoa, muoe yeye," nikakata.

Kisha likaanza jambo la ajabu. Bagalwa alirudi kutoka kuchukua mzigo wa viatu Muyinga, macho yamemtoka.

"Hidaya, mistari yako iko Muyinga! Iko ku simu za batu. Vijana wa pikipiki wanapita nayo!"

Nani aliirekodi? Sisi hatukurekodi kitu.

Wiki ile ile simu ikalia. Sauti ya mwanamke, ya chini kama mtu aliyejificha.

"We iko Hidaya wa mistari? Njoo Gasorwe, siku ya soko. Banamama banakungoja."

"Wewe nani?"

Akakata.

Shangazi akasema ni mtego, wanataka kunizomea. Donatienne akasema, "Bon, wakituzomea, tutawazomea kwa vina."

Nilipokuwa natoka, baba akaongea, bila kugeuka kutoka kwenye cherehani.

"Hidaya. Paza sauti. Siku ile wa nyuma hawakusikia vizuri."

Nililia njia nzima mpaka Muyinga. Bagalwa alinipa leso, haikutosha.

Gasorwe, huko huko mkoani Muyinga, ni vilima na mashamba. Soko limejaa maharage, ndizi, mihogo, watu wametembea kwa miguu kutoka kila upande. Hakukuwa na jukwaa. Walitupandisha juu ya meza ya muuza mihogo, wakatupa spika moja ya mhubiri wa soko.

Nikaanza: "Nimeridhia mume..."

Wakanimalizia! Soko zima!

Lakini si kwa maneno yangu. Wakulima wa kike, majembe begani: "Nimeridhia jembe, sijaridhia kuibiwa mavuno!" Vijana wa kambi ya wakimbizi kule nyuma: "Nimeridhia hema, sijaridhia kusahaulika!" Wanafunzi wenye sare wakarusha lao kuhusu kiboko, nalo siliandiki hapa, walimu wanasoma.

Wimbo wangu ulikuwa umetoka nyumbani kwangu, ukaingia kwenye kila nyumba na kuvaa nguo za wenyeji.

Ndipo mwanamke mmoja wa makamo, buibui jeusi, akasogea na kunyoosha mkono apewe maikrofoni. Nikamsaidia kupanda.

"Mi ni Pili," akasema. "Mi ni muke wa Uthmani."

Uthmani yule yule! Nikamsogezea maikrofoni karibu zaidi.

"Siku ya ndoa nilikuwa nyuma ya pazia na huyu mutoto. Simu ilikuwa ndani ya mtandio wangu. Mi ndo nilirekodi. Mi ndo nilituma. Na mi ndo nilimuita leo."

Soko likalipuka. Yeye akangoja litulie, kisha akaanza kuchana. Bila vina. Nje ya biti kabisa. Akasema ana dada yake Kibondo, kule Tanzania, walitenganishwa na vita, na kila mwaka anaomba ruhusa ya kwenda kumwona, na kila mwaka anaambiwa mwakani.

Bagalwa hakumsahihisha. Akaibadilisha biti, akaifuata pumzi ya yule mama kama mtu anayemshika mkono mgonjwa.

Sauti ikatoka upande wa maduka ya vitambaa. Uthmani mwenyewe.

"Pili! Shuka!"

Pili akamwangalia, maikrofoni bado mkononi.

"Sishuke."

Neno moja. Lakini nawaambia, tangu nianze rap sijaandika mstari mkali kama ule.

Akamaliza lake lote. Juma lililofuata akapanda gari kwenda Kibondo. Uthmani alifoka, akanuna, akala chakula kilichopoa, na mwisho akatuma salamu kwa shemeji yake.

Mustafa alioa kwingine. Namtakia heri, na mkewe namtakia sauti.

Watu bado wananiuliza: rap ni ya wahuni wa mjini, bibi wa Gasorwe, mkimbizi na mtoto wa mwalimu wanaitaka ya nini?

Jibu langu ni hili. Rap haikuulizi umesali wapi, umezaliwa nchi gani, wala kama umesoma. Inakuuliza kitu kimoja tu: una la kusema? Na mtu yeyote aliyewahi kuambiwa "nyamaza" analo. Kwa hiyo dada, kaka, mama uliyeko nyuma ya pazia lako, usingoje uwe na vina. Sema hivyo hivyo, nje ya biti.

Biti itakufuata.