Tulivyouza Magari Yasiyo na Magurudumu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika parki ya kuuzia magari pale Beni, sikupewa funguo wala kitambaa cha kufutia vumbi. Gérant, yaani msimamizi, alinipa jeki na mawe manne.

"Kila jioni motoka yote inalala juu ya mawe," akasema. "Ukisahau moja, hiyo ni ya basoda."

Nilidhani ananitania. Kabla ya wiki kuisha niliona hao basoda, yaani askari, wakiingia asubuhi kweupe kwa mwenzetu wa ng'ambo ya barabara, wakatoka na gari lake bora huku wakipiga honi kama watu wa harusi. Jioni hiyo nilihesabu mawe yangu mara mbili.

Ninyi mnaochagua magari kwa picha za simu hamwezi kujua. Wakati wa vita tuliuza gari la vipande. Bodi lilikaa parki, magurudumu kwa jirani, batri kwa katekista, na delko, kile kifaa kinachogawa umeme kwenye plagi, chini ya kitanda cha mtu. Nati za magurudumu nilizificha mimi jikoni kwangu, ndani ya makopo ya maziwa, kila gari kopo lake lenye alama ya rangi. Basi mnunuzi alitakiwa kununua kitu asichoweza kukiwasha wala kukiendesha. Akilalamika, tulimwambia arudi kesho. Kusema kweli ile kesho ilitufaa sana, maana mtu aliyechoka haulizi mengi.

Baadaye nilihamishiwa parki ya Butembo, chini ya Patron, mwenye mali mwenyewe, mtu mpole kwa wateja na mkali kwetu. Huko ndiko alikotujia Mama Titulaire, muuguzi mkuu wa kituo cha afya upande wa Masereka. Alitafuta pikapu ya kupeleka wajawazito hospitali. Hadi wakati huo waliwabeba kwa tipoyi, kiti cha miti kinachochukuliwa mabegani, na wawili walikuwa wamemfia njiani.

Siku ya kwanza alikuta pikapu iko juu ya mawe. Siku ya pili tukamwambia karatasi bado ziko mpakani. Siku ya tatu akaketi kwenye benchi la mlangoni, akaweka mkoba mapajani.

"Mama, rudia kesho," nikamwambia.

"Kesho yenu inaishaka lini? Niko na mama mumoja, mimba yake inatimia hii juma. Nimuambie naye angojee kesho?"

Patron alisikia. Akachungulia barabarani, akanong'ona, "Muifunge mapine sasa hivi. Mbio! Basoda bako ku marché."

Askari wakiwa bado huko sokoni, nilikimbia nyumbani nikachukua kopo la nati. Kwa haraka sikuona kwamba lilikuwa na alama nyeupe, ilhali pikapu ile ilikuwa ya alama nyekundu. Nati zile zilifanana kama pacha, ila meno ya ndani yalitofautiana kidogo. Nati ya namna hiyo inaingia, inakaza, kisha mashimo ya barabara yanailegeza polepole. Tukarudisha batri na delko, tukafunga magurudumu. Mama Titulaire aliposikia injini ikinguruma alicheka kwa mara ya kwanza, akaondoka na dereva wake.

Saa sita mchana nilirudisha kopo tupu jikoni. Lile jekundu lilikuwa palepale, limejaa. Nikajua papo hapo kwamba nimeifunga pikapu kwa nati zisizo zake. Nikamkimbilia Patron.

"Amekwisha kwenda," akajibu bila kuinua kichwa. "Ukimufuata, basoda batauliza unafuata nini. Achana."

Niliogopa, sifichi. Nilisimama pale mlangoni nikitamani sana kumtii. Kisha nikajaza nati za lile kopo jekundu mifukoni, nikapanda pikipiki.

Niliikuta pikapu kwenye barrière, kizuizi cha askari, kabla ya mteremko mkubwa. Chef wao alikuwa amekwisha kukaa kwenye usukani. Mama Titulaire alisimama mbele ya boneti, mikono ameitandaza.

"Hii ni ya bamama ya mimba!" alikuwa akipiga kelele. "Hapana kwenda nayo!"

"Na weye, nani?" chef akaniuliza.

"Mimi niliuza hii motoka, chef. Shuka. Mapine itachomoka."

Akacheka. Nikainama, nikaizungusha nati kwa vidole viwili tu, nikamwekea mkononi. Kicheko kikakatika.

"Boulons ya muzuri iko wapi?"

"Butembo, chef."

Nati hizo nzuri, boulons alizoziulizia, zilikuwa zinavuta suruali yangu chini. Nilishika mkanda kama mtu mwenye tumbo la kuhara, nikaomba asiniambie niinue mikono. Alinitazama, akashuka, akapiga gurudumu teke.

"Munauza kifo, mais kweli! Mutoe hii takataka mbele yangu."

Tuliisukuma mpaka nyuma ya kona. Hapo nikamwaga nati nzuri kwenye majani, nikapiga magoti nikaanza kufunga. Mama Titulaire aliokota moja, akailinganisha na niliyoifungua.

"Donc ulijua."

"Nilijua saa sita, Mama."

Nilipomaliza, nikaelekea kwenye pikipiki yangu. Akafungua mlango wa gari.

"Hapana piki. Panda. Tunashuka wote."

Nilikuwa nimeuza magari mengi, lakini sikuwahi kukaa ndani ya hata moja likipelekwa kwa mwenyewe. Kila kona nilishika kiti kwa mikono miwili. Tulipofika, yule mjamzito alikuwa amekaa kando ya njia na furushi lake, jasho usoni, uchungu umeshaanza. Mama Titulaire hakumwangalia yeye. Aliniangalia mimi.

"Nimupandishe?"

Nilishuka na spana, nikakagua magurudumu yote manne, nati moja moja, huku yule mama akiuma kanga yake. Ndipo nikasema ndiyo.

Alijifungulia hospitali, akarudi na binti. Mimi nilifanya kazi ile miaka mingi baadaye, hadi macho yaliponikatalia. Vijana bado wananijia wakilalamika kwamba wauzaji wanawazungusha, wakiniuliza gari lipi ni zuri. Injini siizungumzii tena. Nawaambia wamwombe muuzaji apande nao mpaka nyumbani, na mama yao akae kiti cha nyuma.