Kaburi la Kwanza Kushoto

Shangazi yangu Lidwina ana mdomo, na Lizaboni nzima, mtaa wetu hapa Songea, inajua. Ni fundi cherehani. Ukimpelekea kitambaa kidogo kuliko mwili wako atakuambia hapo hapo, mbele ya wateja, kwamba cherehani haiongezi nguo. Ameshona sare za wanafunzi wangu na za wazazi wao kabla yao, na kina mama wa WAWATA pale parokiani huwashonea vitenge vyao huku akiwasema tangu kipimo cha bega hadi upindo wa mwisho. Hakuwahi kuolewa. Mimi, Hilda, ni binti wa mdogo wake wa mwisho. Nafundisha historia sekondari na nimekaa kwake tangu nilipopata ajira, kwa hiyo mengi ya maneno hayo nimeyapokea mimi.

Siku moja tu katika mwaka ilikuwa inaunyamazisha mdomo huo, nayo ni Siku ya Marehemu, tarehe mbili Novemba. Majirani wakienda makaburini hapa hapa mjini, sisi tulipanda gari liendalo Mkenda, mpakani, tukashuka kijijini kwa Babu, karibu na Mto Ruvuma, tukiwa na majembe mawili, ndoo ya chokaa na kibuyu cha togwa. Nyuma ya shamba la Babu kuna makaburi matano. Tuliyapalilia yote matano, ingawa ndugu yetu ni mmoja tu.

Mwaka 1972 Msumbiji ilikuwa bado mikononi mwa Wareno, na wapigania uhuru wao walipita kijijini pale wakienda na kurudi. Babu Otto alikuwa katekista. Aliwapa mahindi, akawapa pa kulala, na mwisho akawapa mwanawe mkubwa, Tadei, awabebee mizigo. Tadei alikuwa na miaka ishirini na miwili. Siku moja wakashambuliwa ng'ambo ya mto, na waliosalimika wakavusha maiti tano kwa mtumbwi: wapiganaji wanne na Tadei. Zilifika zimefungwa kwenye maturubai, katika hali ambayo Babu hakutaka mwanamke yeyote aione. Asubuhi ile ile akazika pamoja na wale waliosalimika, wanawake wamefungiwa ndani. Shangazi, binti wa miaka kumi na minane, alichungulia kwenye tundu la ukuta akaona migongo ya wachimbaji tu.

Mama yake alipouliza mwanawe yuko kwenye kaburi lipi, Babu alijibu, "Wote ni wako." Akasimika misalaba mitano inayofanana, na jambo hilo hakuliongelea tena mpaka naye alipozikwa.

Lakini Shangazi alikuwa na macho. Aliona kwamba kila Babu alipokwenda kupalilia alianza na kaburi la kwanza kushoto. Akajua hilo ndilo la Tadei. Baada ya Babu kufa, hapo ndipo yeye alipomwaga togwa, hapo ndipo alipokaa chini akamsimulia kaka yake habari za mwaka mzima: nani kaolewa, nani kagombana na paroko, mvua ilichelewa kiasi gani. Rozari nzima aliisalia hapo. Mimi wakati huo nilikuwa napambana na mengine manne, jua la Novemba likiniunguza shingo, nikinung'unika moyoni kuhusu wageni ambao ndugu zao hawajulikani walipo.

Kwenye gari la kurudi mdomo wake ulikuwa unafunguka tena.

"Tumewalisha. Tumewaficha. Tumewapa na mtu," alikuwa akisema. "Wamepata nchi yao, hata mche wa sabuni hawajaleta."

"Shangazi, na wenyewe walikufa maelfu," nilimwambia mara moja, ualimu ukiwa umenipanda kichwani.

"Na mimi nilikuwa na kaka maelfu?"

Sikurudia tena. Kusema kweli nilianza kuona ana haki, na hilo liliniudhi zaidi, kwa sababu darasani nilikuwa nafundisha urafiki wa mataifa haya mawili kana kwamba hakuna aliyewahi kununa.

Agosti 2024 mtendaji wa kijiji akatupigia simu. Chama kimoja cha askari wastaafu wa Msumbiji kinakuja kuwachukua watu wake wanne, wakazikwe kwao. Familia iwepo, na atakuwepo shahidi aliyeshiriki kuzika, anaitwa Mzee Daimu, anatoka Nakapanya, kule Tunduru.

Shangazi aliposikia jina hilo alisimamisha cherehani. Daimu alikuwa mpiganaji na rafiki wa Tadei. Alikula kwenye nyumba ya Babu miezi mingi, sahani moja na Tadei. Uhuru ulipopatikana hakurudi kwao Niassa, Msumbiji, moja kwa moja. Alioa Nakapanya, akalima mikorosho, akabaki huko. Kwa Babu hakukanyaga.

"Nakapanya si mbinguni," Shangazi alisema. "Mabasi ya Tunduru yanaingia hapa Songea kila siku."

Kisha akaniambia kilichokuwa kinamtisha hasa, na sauti yake haikuwa ile ya kuwasema wateja. Makaburi hayana majina. Wakichimba ovyo wanaweza kuondoka na Tadei, akazikwe ng'ambo kwa jina la mtu mwingine, huku yeye akibaki anapalilia mtu asiyemjua.

"Walimchukua mara moja, Hilda. Inatosha."

Tulifika shambani asubuhi. Wageni walikuwa watatu, wakiongozwa na Mama Leticia, mwanamke mnene mpole aliyekulia kambi ya wakimbizi Tunduru, Kiswahili chake kizuri kuliko cha mtendaji wetu. Vijana wa kijiji walikuwa wameshika majembe wakisubiri kuambiwa. Mzee Daimu alisimama peke yake, mwembamba, kofia yake nyeupe imefuliwa vizuri. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuniangalia. Alikuwa anatazama misalaba.

"Dada Lidwina," alisema. "Poleni kwa yote."

"Miaka hamsini na miwili. Ulipotea njia?"

"Sikupotea. Nilikuja. Mwaka sabini na tano, wiki ile tulipopata uhuru, nilifika mpaka hapa niliposimama. Nikayaona haya." Akanyoosha kidole kwenye misalaba. "Wale wanne ni Waislamu. Mzee Otto alijua. Tuliswali uani kwake, yeye mwenyewe akitutekea maji ya kutawadha. Wamekufa, kawawekea msalaba. Nikageuza hapo hapo."

"Baba alikuwa katekista. Sala aliyoijua ndiyo aliyowasalia. Ulitaka afanyeje?"

"Aniulize. Nilikuwa hai, nimesimama kando yake na jembe mkononi. Aniulize tu, Daimu, hawa wenzako mnawazikaje. Hakuniuliza."

Shangazi akaitazama misalaba ile aliyoipaka chokaa kwa mkono wake.

"Mtu aliyekulisha ni shida kumlaumu," Mzee Daimu akaendelea, sasa taratibu. "Ukisema, umekosa shukrani. Ukinyamaza, kinakuumiza. Nami nilimpenda yule mzee. Ndiyo maana nikakaa Nakapanya."

Mama Leticia akakohoa kidogo, akauliza kwa upole tuanzie wapi. Shangazi akapiga hatua mpaka kaburi la kwanza kushoto, akasimama mbele yake kama mtu anayezuia mlango.

"Huyu ni kaka yangu. Huyu asiguswe. Hao wanne wengine ni wenu, wachukueni."

"Siyo huyo, dada," Mzee Daimu alisema.

"Ni huyu. Baba alianza na huyu kila alipokuja."

"Alianza naye kwa sababu tulianza naye siku ya kuzika. Huyo ni Saidi Chitete. Alikuwa mdogo kuliko wote, miaka kumi na tisa. Mzee Otto alisema tuanze na mdogo, asisubiri. Tadei ni wa nne."

"Unasema uongo."

"Chimbeni la nne," Mzee Daimu aliwaambia vijana. "Mtakuta soli za mpira. Tadei alikuwa anabeba mizigo peku, na kila siku ananitania kwamba nikifa mimi kwanza atarithi buti zangu. Akafa yeye kwanza. Nikazivua nikamvalisha."

Walichimba. Udongo wa Agosti ni mkavu, iliwachukua muda. Nilitamani soli zisionekane. Naona aibu kuandika hivyo, lakini nilitamani yule mzee awe mwongo ili Shangazi apate haki yake aliyoizoea. Kijana mmoja akainama, akafuta kwa kiganja. Soli mbili nyeusi, kubwa, zimelala sambamba pamoja na kilichobaki cha miguu.

Shangazi aliziona kutoka pale aliposimama. Akakaa chini pale pale, juu ya kaburi la kwanza, miguu ameinyoosha kama mtoto. Nilikwenda kumshika, akaniondoa mkono. Nikahesabu kichwani vibuyu vya togwa vya miaka yote ile, na rozari, na habari za harusi na mvua, zote amepewa kijana wa Niassa ambaye hatukujua hata kwamba anaitwa Saidi. Moyo uliniuma kwa ajili yake. Uliniuma pia kwa ajili ya Baba Mkubwa Tadei, aliyelala makaburi matatu kutoka hapo, akipaliliwa na mimi tu, na kwa manung'uniko.

Nadhani Mama Leticia alitaka kutuokoa sote. Alitoa karatasi mkobani, akaanza kwa sauti ya heshima, "Kwa niaba ya chama chetu, tungependa kuishukuru familia hii..." Ndiyo hotuba ambayo Shangazi aliingoja tangu akiwa binti. Kuikosa ndiko kulikoharibu safari zetu zote za kurudi mjini. Shangazi akainua kiganja.

"Ngoja kwanza, mama."

Akainuka, akageukia msalaba uliokuwa nyuma yake, ule aliokuwa akiupaka chokaa vizuri kuliko mingine. Akaushika kwa mikono miwili akaanza kuung'oa. Ulikuwa umeshika. Mzee Daimu akaja upande wa pili, wakavuta wote, ukatoka na donge la udongo. Shangazi akaulaza kando kwa taratibu, kama anavyolaza nguo ya mteja.

"Huyu Saidi ana watu?"

"Mama yake alifariki zamani. Dada yake yupo Lichinga. Umri wenu unalingana."

"Mwambie alililiwa." Akainama kuunyoosha msalaba. "Mwambie jina halikuwa lake. Lakini alililiwa kila mwaka, na hakukosa mwaka hata mmoja."

"Nitamwambia."

Vijana waliendelea na Saidi, halafu na wale wengine watatu, na Mzee Daimu alisoma dua kwa kila mmoja wakati mifupa ikifungwa kwenye sanda nyeupe. Shangazi alibaki kila mara amesimama, mtandio kichwani. Nilipomletea maji ya kunywa aliyakataa. Tadei tu, wa kaburi la nne, ndiye aliyebaki kwenye shimo lake, wazi, na vijana wakauliza kama wafukie.

Shangazi akasogea ukingoni. Alizitazama zile soli kwa muda mrefu. Sijui alikuwa anamwambia nini Tadei. Labda alikuwa anamwomba radhi, labda anaanza upya habari za miaka yote. Mzee Daimu alisimama nyuma yetu, kofia mkononi. Kisha Shangazi akasema bila kugeuka:

"Daimu. Siku ile ulirudi kambini na nini miguuni?"

"Peku."

"Mwendo gani?"

"Siku tatu. Kiangazi."

Shangazi alitikisa kichwa taratibu. Aliinama akachukua udongo kiganjani, akautupia shimoni, akajipangusa mkono kwenye kitenge.

"Asante," alisema.

Mzee Daimu alikuwa analia kwa sauti, mbele ya vijana wale wote, wala hakujificha.