Moto Uliotoka Jikoni kwa Tate

Nilipokuwa mtoto, jiko letu la Bunia lilikuwa kibanda cha udongo nyuma ya nyumba, na moto uliokuwa katikati ya mafiga yake matatu haukuachwa uzimike. Jioni Tate, mama yake mama, aliyafunika makaa kwa majivu. Asubuhi aliyafukua, akapuliza, moto ukaamka. Nyumba kubwa ilikuwa na viti vizuri, lakini viti hivyo vilikuwa vya wageni wa heshima. Maneno ya kweli yalisemwa jikoni, moshi ukitutoa machozi.

Moto ule ulikuwa na miiko yake. Hautemewi mate. Haurukwi. Na nyumba ikiwa na mtoto ambaye bado hajaota meno, moto hautoki nje, hata kaa moja. Tate alisema mtoto mchanga na moto wa mama yake wanavuta pumzi moja. Anayebeba huu amembeba na yule.

Mdogo wangu Dieume alikuwa bado hajaota jino wakati Mama Dhesi alipohamia chumba cha nyuma ya ua wetu. Alikuwa amekimbia vita upande wa Djugu, kama wengi. Kilichowashangaza watu ni kwamba aliitwa Mama Dhesi na hakuna aliyemwona Dhesi. Alikuja peke yake, hakusimulia chochote, na kila asubuhi alisimama mlangoni mwa jiko letu akiwa na kigae cha chungu, akiomba moto. Mama alimpa. Mama mwenyewe alichagua saa ambayo Tate alikuwa kwenye sala ya asubuhi, mpaka siku Tate alipokuta kaa limedondoka njiani karibu na ua. Aliliinua kwa jani, akalitazama, akamwambia mama kwamba atajuta.

Haikupita wiki, Dieume akakataa ziwa. Mwili ulimwaka, na kifua kikalia kama mlango uliokosa mafuta. Mama alimkanda kwa maji, akamfunika, akamfunua. Tate hakusema “nilikwambia”. Alimkazia macho tu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Kwenye bomba la maji wanawake walikuwa wameshaanza kulitamka neno mulozi, yaani mchawi, wakilimeza kila mtu wa kwetu alipokaribia. Baba alituambia tusilirudie. Vijana wa mtaa, alisema, wakishalisikia hawaulizi mara ya pili. Wanakuja na petroli.

Siku hiyo hiyo Tate alinishika mkono tukaenda kwa Mama Dhesi, eti kumsalimu. Chumba kilikuwa safi kuliko nilivyotazamia: mkeka, sufuria, kitenge kimetundikwa. Alimpa Tate maji ya kunywa. Tate aliyapokea, akayashika muda wote wa mazungumzo, na hakuyanywa. Nilifuata macho yake yakizunguka ukutani hadi dirishani. Hapo palikuwa na kiberiti, kipya, kimejaa.

Hata mimi nilijua kwamba mwenye alimeti, yaani kiberiti, haendi kuomba makaa kila siku kwa watu.

Tate alikiweka chini kile kikombe.

“Weye iko na alimeti,” alisema taratibu. “Juu ya nini unaomba moto kwetu?”

Mama Dhesi alikiangalia kiberiti kana kwamba ni cha mtu mwingine. Nilidhani tumemshika.

“Moto ya alimeti ni ya mu njia,” alisema mwishowe. “Siye kwetu, nyumba inawasha na moto ya nyumba ingine. Kama haiko vile, haiko nyumba. Ile yangu niliiacha inawaka. Dhesi alikuwa amelala pembeni yake.”

Nilimtazama Tate nikitegemea uso wake ulegee, lakini haukulegea. Alimwambia kwamba amesikia, na kwamba kwetu kuna mtoto mgonjwa. Kama mkono wake hauna kitu kibaya, aurudishe moto.

Mama Dhesi hakubisha. Alichukua kigae, akateua motoni mwake kaa kubwa kuliko yote, akatangulia. Alipita mbele ya wanawake wa bomba, mchana kweupe, wote wakiona. Jikoni Tate alimwonyesha kwa kidole pa kuliweka, kisha wakainama wote wawili, wakapuliza pamoja. Tate akamgeukia mama na kumwambia ampeleke mtoto kituo cha afya sasa hivi. Baba alimbeba Dieume kwenye pikipiki ya jirani, mama nyuma yao.

Walimchoma sindano kwa siku kadhaa, akapona. Mama alisema ni dawa. Tate alisema ni moto umerudi. Kwenye bomba neno lile lilikufa, kwa sababu nani angemwita mulozi mwanamke aliyepuliza jiko moja na mama mzee wa nyumba yenyewe? Na bado, mpaka alipofariki, Tate hakula kwa Mama Dhesi, na kila mama huyo alipompakata Dieume, Tate alisogeza kigoda chake karibu.

Zamani nilidhani kisa hiki ni cha mtoto aliyepona. Siku hizi namfikiria zaidi Tate. Hakumwamini yule mwanamke, wala sidhani alijaribu. Lakini alitafuta njia ya kumshuku bila kumuua, akaipata katika mwiko uleule uliomfanya amshuku.

Dieume sasa ana nyumba ya matofali ya kuchoma na vigae sakafuni, na jiko la gesi ambalo mke wake analipenda. Nyuma yake amejenga kibanda chenye mafiga, na tukikutana Jumapili hakuna anayekaa saluni kwenye viti vya wageni. Wakimbizi wapya wanafika kila msimu, na mara nyingine mmoja husimama mlangoni mwa kibanda kile na kuomba moto. Dieume na mke wake wakiwa hawapo karibu, mimi ndiye ninayeinuka. Namtazama usoni kwanza, muda mrefu kuliko inavyopendeza. Halafu namchagulia kaa linalowaka vizuri.